Ujumbe wa Hitilafu Kwenye Simu: Usiufute, Usome

Msimu wa korosho ukifika, mkulima wa Nachingwea na Ruangwa huwa na mengi ya kuuliza kupitia simu. Fedha za mauzo zimeingia? Namba yangu ya NIDA ni ipi? Badala ya jibu, pengine hurudi ujumbe wa hitilafu, yaani taarifa kwamba mfumo umeshindwa kukupa ulichoomba. Wengi huufuta kwa hasira na kubonyeza upya. Usiufute, kwa sababu ndani yake mna maelezo ya tatizo lilipo.

Nianze na nini?

Hifadhi ujumbe kama ulivyo. Kwenye simu janja nyingi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, utapata picha ya skrini. Mwenye kitochi aandike kwenye daftari tarehe, saa, laini aliyotumia, namba aliyopiga, na maneno ya ujumbe neno kwa neno. Ukiandika tu "imegoma", hakuna atakayeweza kukusaidia. Namba ya siri usiiandike wala usiipige picha.

Ujumbe ukisema huduma haipatikani?

Hapo swali lako halikufika. Ni hivyo hivyo kwa ujumbe wa Kiingereza wenye herufi MMI. Hakuna aliyetafuta taarifa zako, hivyo usiseme kwamba hazipo. Angalia kama mtandao unashika, chagua laini sahihi kama unazo mbili, kisha andika upya kuanzia nyota hadi reli. Kwa menyu ya huduma za Serikali ni *152*00#. Menyu za aina hii hujifunga ukichelewa kujibu, kwa hiyo weka namba zako mezani kabla ya kupiga. Ikishindikana, subiri ujaribu baadaye. Hakuna haja ya kulipa nauli kutoka Kilimarondo hadi mjini kwa sababu ya mtandao.

Ukisema namba si sahihi?

Hesabu tarakimu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1978, namba yake huanza na 19780305. Kontroo namba, yaani namba ya kulipia huduma za Serikali, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Ikipungua au kuzidi hata moja, mfumo utaikataa.

Ukisema taarifa hazijapatikana?

Sasa swali limefika, ila mfumo haukuona kumbukumbu inayolingana na ulichoandika. Haina maana kwamba huna haki yako. Huenda jina lako limeandikwa namna moja benki na namna nyingine kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Linganisha kitambulisho, kadi ya benki na stakabadhi ya korosho, herufi kwa herufi.

Kilo au jina likikosewa kwenye orodha ya mauzo, nenda kwenye AMCOS uliyopimia, ukiwa na stakabadhi. Tatizo la akaunti lipeleke benki, na la kitambulisho ofisi ya NIDA ya wilaya. AMCOS ikishindwa, kuna afisa ushirika wa halmashauri, na kuna chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Na fedha nilizotuma zikikwama?

Usirudie kutuma. Angalia kwanza salio. Kama limepungua, tafuta namba ya muamala kwenye ujumbe na uwapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako. Ukirudia haraka unaweza kulipa mara mbili.

Kurekebisha kunagharimu kiasi gani?

Kuuliza na kuonyesha ujumbe uliouhifadhi hakuhitaji malipo ya mkononi. Ukiambiwa kuna ada ya Serikali, omba kontroo namba, lipa kwayo, na utunze risiti. Mtu akikupigia akidai anarekebisha hitilafu yako, kisha akaomba namba ya siri, huyo ni tapeli. Kata simu. Akikutumia ujumbe, usambaze kwenda 15040.

Karani wa AMCOS afanye nini?

Afungue daftari moja la hitilafu, lenye jina la mkulima, saa na maneno ya ujumbe. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zinauzwa kwenye minada ya kidijitali ya TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, hivyo kumbukumbu nyingi zimo mitandaoni. Wakulima kumi wakipata ujumbe ule ule siku moja, tatizo huenda likawa kwenye mfumo: aripoti mara moja kwa niaba ya wote. Akiupata mmoja tu, aanze kwa kukagua kumbukumbu za huyo mmoja.