Kusoma Picha ya Kale Darasani: Kijiji cha Uzigua

Picha ya kale ni shahidi, lakini shahidi asiyesema mpaka aulizwe. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanafunzi-mwalimu namna ya kuliongoza darasa kufasiri picha ya mandhari ya kijiji iliyopigwa zama za utawala wa Wajerumani. Picha za namna hiyo ni nyingi. Zile za Walther Dobbertin, kwa mfano, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Tuseme darasa lina picha ya kijiji cha upande wa Handeni: nyumba chache, watu wawili watatu wamesimama, na kichaka kinene pande zote.

Hatua ya 1: Kutazama. Wanafunzi wataje wanachokiona tu, kuanzia mbele ya picha hadi nyuma. Atakayesema, "Watu hawa ni maskini," aulizwe, "Umaskini huo umeuona wapi?"

Hatua ya 2: Kukadiria wakati. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Basi picha ya Korogwe yenye reli haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Lakini reli isipoonekana, hilo halithibitishi neno. Huenda mpiga picha aliipa kisogo.

Hatua ya 3: Kufasiri. Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wanafunzi wakiulizwa juu ya kichaka, yaelekea watajibu kwamba wenyeji walikuwa wavivu wa kufyeka. Mwalimu asilikemee jibu hilo, wala asiliache lipite. Adai sababu nyingine. Katika karne ya 19, vita na biashara ya watumwa viliwalazimu Wazigua wengi kuvificha vijiji vyao ndani ya vichaka vilivyotunzwa makusudi, vyenye njia nyembamba na lango. Kichaka kilikuwa ukuta. Tena, katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, kisha nzige na njaa ya 1894 hadi 1896 vikaua watu na kuwatawanya wengine. Mashamba yaliyoachwa yakageuka pori, na mbung'o wakaenea. Hivyo kichaka kimoja chaweza kuwa ngome, na kingine kaburi la shamba. Picha peke yake haiamui. Yahitaji tarehe, mahali na masimulizi ya wazee.

Hatua ya 4: Kumhoji mpiga picha. Ni nani aliyechagua mahali pa kusimama? Maneno yaliyo chini ya picha yaliandikwa na nani, na kwa ajili ya nani? Ni akina nani hawamo, pengine kwa kuwa wako shambani au mtoni? Kamera za wakati ule mara nyingi ziliwataka watu watulie. Kusimama kwao wima si dalili ya huzuni wala ya kukosa kazi.

Tahadhari. Mtoto wa Handeni au Korogwe huwatazama babu zake katika picha hii. Akitoka darasani akiamini kwamba walikuwa wavivu, amefundishwa uongo, na uongo huo atarudi nao nyumbani.

Zoezi. Chagua picha moja ya kale ya wilaya yako. Andika mambo matano yanayoonekana, mawili yanayokisiwa, na maswali matatu ambayo wanafunzi watawauliza wazee wao.