Sindano ya Mgongo: Uliza Kabla Hujalala Kitandani

Kampala inachosha migongo. Mwendesha boda anashinda juu ya tandiko kati ya Ntinda na Katwe, mchukuzi wa Nakasero anabeba mikungu ya matoke tangu alfajiri, na siku moja moto unashuka kutoka kiunoni hadi unyayoni. Ndugu atasema, "Kuna sindano wanachoma mgongoni, unaamka mzima." Sindano hiyo ipo na wengine imewafaa. Ila si panadol.

Ndani yake mna steroidi, dawa ya jamii moja na homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Humwagwa nje ya utando unaofunika uti wa mgongo ili kupunguza uvimbe unaosumbua mshipa wa fahamu. Husaidia zaidi maumivu yanayoshuka mguuni. Kwa mgongo unaouma tu, faida yake ni ndogo. Nafuu ikija ni ya wiki au miezi michache.

Omba uonyeshwe kichupa. Triamsinoloni na methiliprednisoloni ni nyeupe kama maziwa. Kikikaa mezani kidogo, unga hutuama chini. Deksamethasoni ni angavu kama maji. Chembe za ule unga zikiingia kwenye mshipa wa damu unaolisha uti au ubongo, zinaweza kuuziba, na mtu akapooza, akapofuka au akafa. Hutokea mara chache sana, na shingoni ndiko kwa kuogopwa zaidi. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa zote za aina hii, ikakumbusha kwamba haijawahi kuziidhinisha kwa sindano ya mahali hapo. Madaktari huzitumia hivyo kwa uamuzi wao wa kitaalamu, kwa hiyo una haki ya kuuliza sababu. Uliza pia kama sindano itaongozwa na eksirei. Kupapasa kwa vidole hakutoshi.

Kichupa chenyewe kinaweza kuwa na kasoro. Mwaka 2012, huko huko Marekani, methiliprednisoloni iliyochanganywa katika famasi moja ya Massachusetts iliingiwa na kuvu. Watu zaidi ya 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafa.

Sasa jambo ambalo hapa kwetu hufichwa. Mtu anachukua ARV zake kliniki moja, halafu anakwenda kuchomwa mgongo kliniki nyingine ambako hataki wajue. Tunaielewa aibu hiyo. Lakini kama dawa zako zina ritonavir, na za mstari wa pili mara nyingi zinayo, ini hushindwa kuivunja steroidi, hasa triamsinoloni. Sindano moja tu inakaa mwilini kama nyingi: uso unavimba duara, sukari inapanda, tezi zinalala zisitengeneze homoni yake. Usiache ARV ili uchomwe. Mwonyeshe daktari dawa zako faraghani. Huenda ipo njia nyingine.

Mwenye kisukari apime sukari kila siku kwa wiki mbili hivi. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, kwani damu ikivuja karibu na uti inaweza kuugandamiza.

Na je, maumivu yako yanatokana kweli na disiki, ule mto kati ya pingili za mgongo? Kifua kikuu hula pingili za mgongo, na brusela ya maziwa mabichi huuma kiunoni vilevile. Kama unakonda, unatoka jasho usiku au una homa isiyoisha, pimwa kwanza. Steroidi hutuliza maumivu huku ikidhoofisha kinga, na ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Baada ya sindano miguu inaweza kufa ganzi kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe boda. Uso kuwaka, usingizi kupotea na maumivu kuzidi kwa siku moja au mbili ni mambo ya kawaida. Kichwa kikiuma ukiketi na kutulia ukilala, mrudie daktari. Ukipata homa na shingo kukakamaa, mguu ukilegea, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, au ganzi ikishika sehemu za siri, nenda Mulago au hospitali kubwa iliyo karibu usiku huo huo, ukiwa na karatasi iliyoandikwa jina la dawa, kipimo chake na tarehe uliyochomwa.