Kisiwani Pana, Kuna au Mna? Upatanisho wa Ngeli ya Mahali

Tuwafuate wageni wanaopanda boti mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, wakielekea kusini kwa njia ya Ziwa Kivu hadi karibu na Karongi. Huko kuna kisiwa kidogo kiitwacho Napoleon, kwa kuwa umbo lake hufanana na kofia ya mtawala huyo wa Ufaransa. Popo walao matunda huishi huko kwa wingi. Wanaowaongoza wageni ni wenyeji wa ziwa, na tukitunga sentensi wanazozihitaji kazini mwao, ngeli ya mahali itajifunza yenyewe.

Mwongozaji akisema "Kisiwa kina popo", kitenzi kimefuata ngeli ya KI-VI. Akisema "kisiwani", nomino imeihama ngeli hiyo na kuingia PA-KU-MU. Ndiyo maana tunasema kisiwani kwetu, wala si *kisiwani chetu. Kosa hili huwapata hata wanafunzi hodari, kwani jicho bado linaiona ki- mwanzoni mwa neno.

Sasa tutazame sentensi tatu:

(a) Pale ufukoni pana jiwe.
(b) Kule kisiwani kuna popo.
(c) Mtumbwini mna maji.

Katika (a) mahali ni mahususi, paweza kuonyeshwa kwa kidole. Katika (b) ni eneo lisilo na mipaka dhahiri. Sentensi (c) ndiyo nzito. Abiria aisikiaye hushika kopo akaanza kuyachota maji. Angeambiwa "mtumbwini pana maji", angeweza kudhani yanatajwa maji ya pale mtumbwi ulipofungwa, akaendelea kupiga picha.

Mwanafunzi wa Gisenyi huja darasani na Kinyarwanda chake: mu bwato harimo amazi. Kitenzi kimeanza kwa ha-, na undani umebebwa na -mo mwishoni. Kwa hiyo dhana ya undani anayo tayari; asichokizoea ni kuitanguliza. Tunashauri mwalimu aanze na "Maji yamo mtumbwini", ambamo -mo imekaa mwishoni kama alivyoizoea, ndipo amvushe hadi "mna maji". Kiswahili cha Goma, ng'ambo tu ya mpaka, nacho husema mu mtumbwi. Hayo ni matumizi ya eneo yenye kanuni zake, na mwalimu asiyakemee. Ayalinganishe na Kiswahili sanifu, ambacho ndicho kitakachotahiniwa.

Majina mahususi ya mahali hayapokei -ni. Kinyarwanda husema i Gisenyi; sisi twasema Gisenyi tu, lakini upatanisho wa mahali hubaki: Gisenyi kuna soko.

Zoezi. Tunga maelezo ya sentensi sita ya mwongozaji anayewashusha wageni kisiwani, ukitumia upatanisho wa pa-, ku- na mu-, kila mmoja mara mbili. Kisha eleza tofauti ya maana kati ya "mahali penye popo", "mahali kwenye popo" na "mahali mwenye popo".