Dondoo muhimu: Kabla ya kumkabidhi mzee kwa nyumba ya matunzo

Aghalabu mzee wa mtaa wetu wa Gihosha, jijini Bujumbura, hutunzwa na jamaa zake nyumbani. Lakini pale watoto walipotawanyika ughaibuni na dharura ikawalazimu kumtafutia makao, basi, ndugu msomaji, usiridhike na ukarimu wa sebuleni, bali nenda bila ya miadi, na usiku pia, ukaone ni wauguzi wangapi walio macho.

Tazama daftari la dawa kama lina saa na sahihi ya aliyetoa kila dozi. Uliza tangi la akiba liko wapi maji ya shirika la Regideso yakikatika, na kama kila kitanda kina chandarua. Mtaa wetu una miinuko, kwa hiyo kagua ngazi, na vishikio vya chooni.

Akishapokewa, kumbuka kwamba asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Mtazame, kwa staha na kwa idhini yake, visigino na makalio, na ukiona wekundu, au weusi uliokolea, usiofifia ukibonyezwa kwa kidole, fahamu kwamba kidonda cha kulalia kinaanza, nawe udai matibabu siku ile ile.

Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa mwaka 2016, yataka makao ya namna hii yawe ya hiari. Basi mwulize mzee mwenyewe, kwa Kirundi chake, faragha, wasimamizi wakiwa mbali.