Sanduku Lenye Kufuli Nne

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 19:1–10, Matendo 4:32–35, 6:1–6, Kumbukumbu la Torati 15:7–11, 2 Wakorintho 8 na 9, Marko 12:41–44, Mathayo 6:1–4, Yakobo 2:1–4.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 9:7. Lisome katika Biblia yako mpaka uweze kulisema mbele ya darasa bila kuangalia.

Masomo mengi juu ya utoaji huanzia kwa nabii Malaki. Somo hili linaanzia sokoni, mahali ambapo msamaha wa dhambi uliuzwa kwa bei.

Mwaka 1517 mtawa aitwaye Johann Tetzel alikuwa akiuza vyeti vya msamaha katika miji iliyo karibu na Wittenberg, Ujerumani. Sehemu ya fedha ilipelekwa Roma kujenga Basilika ya Mtakatifu Petro. Sehemu nyingine ilikwenda kulipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alidaiwa na benki ya akina Fugger. Watu walitoa, tena walitoa kwa wingi, kwa sababu waliogopa. Waliogopa kwa ajili ya nafsi zao na kwa ajili ya baba na mama waliokwisha kufa. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Martin Luther alitoa hoja zake 95, na baadhi ya hoja hizo zinahusu mkoba moja kwa moja: kumpa maskini ni bora kuliko kununua cheti, na anayempita mhitaji ili akanunue cheti hajinunulii kitu ila hasira ya Mungu.

Basi hofu ikaondolewa. Wokovu ukahubiriwa kuwa ni bure. Lakini mtu asiyeogopa tena, kwa nini atoe? Makanisa ya Kilutheri yamebeba swali hilo kwa miaka mia tano, na namna yalivyohangaika nalo inafaa kujifunzwa na kila kanisa linalopitisha kikapu cha sadaka.

JUMAPILI
Mkoba Uliofungwa

Soma Luka 19:1–10. Je, ni nani aliyemwambia Zakayo atoe nusu ya mali yake? Ni nini kilichotangulia, utoaji wake au Yesu kuingia nyumbani mwake?

Katika habari ya Zakayo hakuna ombi la mchango. Yesu anajialika, anashuka nyumbani kwa mtu aliyechukiwa na mji mzima, na ndipo mkoba wa mtoza ushuru unafunguka wenyewe. Luther alitarajia jambo la namna hiyo litokee Ujerumani. Mtu akijua amesamehewa bure, atamtendea jirani yake kama Kristo alivyomtendea yeye.

Mambo hayakwenda hivyo upesi. Misa za wafu zilipoachwa na watawa walipotoka katika nyumba zao, mapato yaliyotegemea mambo hayo yalikauka. Mchungaji alihitaji kula, shule zilihitaji walimu, na ombaomba walikuwa bado mlangoni. Mwaka 1524, katika barua kwa mabaraza ya miji yote ya Ujerumani, Luther alijenga hoja nyepesi ya hesabu: raia aliyekuwa akitumia fedha nyingi kila mwaka kwa vyeti, misa na safari za hija, sasa fedha hizo zimebaki mfukoni mwake. Basi atoe walau sehemu yake kwa ajili ya shule. Wengi walipiga hesabu hiyohiyo, wakaona faida, wakanyamaza. Walisikia kwamba matendo hayamwokoi mtu, wakaelewa kwamba hawadaiwi kitu na mtu yeyote.

Si ajabu kwamba katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipofafanua amri ya kwanza, Luther aliitaja mali kuwa ndiyo sanamu inayoabudiwa na watu wengi kuliko zote duniani. Alikwisha kuona kwamba mtu anaweza kuacha kuinama mbele ya mifupa ya watakatifu na bado akainama mbele ya sarafu.

Tafakari: Ukiondoa hofu na aibu, ni kiasi gani cha matoleo yako kingebaki?

JUMATATU
Mji Mdogo wa Leisnig

Soma Matendo 6:1–6. Malalamiko ya wajane yalipozuka, mitume hawakuhubiri tu juu ya upendo. Walifanya nini?

Leisnig ni mji mdogo wa Saksonia, ukingoni mwa mto Freiberger Mulde. Luther aliutembelea mwezi Septemba 1522 kwa mwaliko wa waumini waliotaka kujua jinsi ya kupanga mambo ya kanisa lao. Mwaka uliofuata waliandika taratibu za sanduku la pamoja, na Luther akazichapisha akiziandikia dibaji yeye mwenyewe. Taratibu hizo zinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana waliozitunga walikuwa watu wa kawaida waliojua vema jinsi fedha zinavyopotea.

Sanduku liliwekwa ndani ya kanisa, mahali palipo salama zaidi. Lilikuwa na kufuli nne na funguo nne tofauti. Ufunguo mmoja ulishikwa na makabaila, wa pili na baraza la mji, wa tatu na raia wa mjini, wa nne na wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata angekuwa mcha Mungu namna gani. Mawakili walikuwa kumi: makabaila wawili, wajumbe wawili wa baraza, raia watatu na wakulima watatu. Angalia vema hesabu hiyo. Wakulima na raia wa kawaida walikuwa sita kati ya kumi, katika nchi ambayo mkulima hakuulizwa jambo lolote.

Kila Jumapili, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, mawakili walikutana kusikiliza mahitaji. Kila mwaka waliitisha mkutano wa waumini wote, wakasoma hesabu, na mawakili wakachaguliwa upya. Kutokana na sanduku hilo mchungaji na mtunza kanisa walilipwa, mwalimu wa wavulana alilipwa, na mama mtu mzima mwenye sifa njema alilipwa ili awafundishe wasichana kusoma. Yatima, wazee na wagonjwa walitunzwa. Majengo yalikarabatiwa, na nafaka iliwekwa ghalani kwa ajili ya mwaka wa njaa.

Kuombaomba barabarani kulikatazwa. Jambo hilo linaweza kusikika kama ukatili, na katika miji mingine ya Ulaya lilikuwa ukatili kweli. Leisnig waliliambatanisha na sharti lililowabana wao wenyewe: mtu asiyeweza kujitunza atatunzwa na sanduku. Fundi aliyeanguka kiuchumi alikopeshwa ili arudi kazini, na kama alijitahidi kwa uaminifu akashindwa kurudisha, deni lilifutwa kwa ajili ya Mungu. Soma Kumbukumbu la Torati 15:7–11 ukiwa na fundi huyo mawazoni.

Tena ndani ya kanisa yaliwekwa mapipa mawili ya kupokelea mikate, jibini, mayai na nyama, pamoja na visanduku vya fedha. Asiye na sarafu hakukosa cha kuleta.

Na kama vyote hivyo havikutosha? Waliandika kwamba kila nyumba, ya kabaila au ya mkulima, itatoa kila mwaka kwa kadiri ya uwezo wake. Walijua kwamba furaha peke yake hailipi mshahara wa mwalimu kila mwezi.

JUMANNE
Baraza Lilipokataa

Soma 2 Wakorintho 8:16–21. Paulo anapeleka mchango Yerusalemu. Kwa nini anatuma watu kadhaa badala ya kuubeba peke yake?

Mtume hakuwa mwizi. Hata hivyo alijilinda asilaumiwe, akataka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kufuli nne za Leisnig ni ufafanuzi mzuri wa fungu hilo.

Lakini kufuli haziwezi kulinda kitu ambacho hakijaingia sandukuni. Mpango ulitaka mali zote zilizowekwa wakfu zamani kwa ajili ya kanisa zihamishiwe katika sanduku la pamoja. Baraza la mji lilikuwa likisimamia sehemu ya mali hizo, na likakataa kuziachia. Mwezi Agosti 1523 ilimbidi Luther amwandikie Mteule Frederick wa Saksonia kumwomba aingilie kati. Mpango uliosifiwa na kuchapishwa ulikuwa unakaribia kukwama kabla hata mwaka haujaisha, na waliokuwa wakisubiri ni yatima na wagonjwa.

Ugomvi huo haukuhusu fundisho lolote. Wote waliimba nyimbo zilezile na kusikiliza mahubiri yaleyale. Ulihusu nani ashike fedha. Makanisa mengi yamewahi kufika Leisnig.

Mpango wenyewe haukufa. Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Luther, aliandika taratibu za namna hiyo kwa ajili ya Braunschweig mwaka 1528, Hamburg 1529 na Lübeck 1531. Huko Braunschweig alitenga sanduku la maskini na sanduku la kanisa yawe mawili. Alikuwa ameona kwamba yakiwa pamoja, paa la kanisa na mshahara wa mchungaji hula kwanza, na mjane hupewa kilichobaki.

Tafakari: Katika kanisa lako, fungu la wahitaji hupangwa kwanza au hupewa kilichobaki?

JUMATANO
Yai Linalouzwa Mara Tatu

Soma Marko 12:41–44, kisha Yakobo 2:1–4.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa, na kwa muda sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, bila mshahara wa kutoka ng'ambo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT.

Mtu akipita nje ya usharika wa KKKT vijijini Jumapili baada ya ibada, mara nyingi atakuta mnada. Ndizi, mahindi, maziwa, kuku, mayai. Vililetwa madhabahuni kama sadaka na wasio na fedha taslimu, na sasa vinauzwa ili viwe fedha. Mapipa mawili ya Leisnig yangejisikia nyumbani hapo. Yai la bibi mmoja linanunuliwa, mnunuzi analirudisha liuzwe tena, mwingine analinunua na kulirudisha, na mwisho linapewa mgeni au mgonjwa. Kufikia hapo yai moja limezaa fedha ambayo bibi yule asingeipata sokoni kwa trei nzima.

Hayo ni mazuri yake, nayo si madogo. Bibi hakuachwa nje ya kazi ya Mungu.

Lakini mnada una macho. Mwenye fedha anatajiwa bei kwa sauti, watu wanashangilia, na shangwe hiyo ni tamu kuliko muwa. Bibi aliyeleta yai hatajwi. Yesu alipoketi kuielekea sanduku ya hazina, alimwona hasa yule ambaye hakuna aliyemshangilia. Soma pia Mathayo 6:1–4 na ujiulize kama mnada unaweza kuendeshwa kwa namna ambayo fungu hilo halivunjwi. Sharika nyingine hujitahidi kwa kupunguza kelele na kutotaja majina. Si suluhisho kamili, ila ni mwanzo.

ALHAMISI
Kodi na Bahasha

Ujerumani ya leo imefuata njia nyingine. Mwanachama wa kanisa la Kilutheri anayelipa kodi ya mapato hukatwa pia kodi ya kanisa: asilimia 8 ya ile kodi yake katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine. Serikali huikusanya kwa niaba ya kanisa. Mishahara hulipwa na hospitali husaidiwa. Anayetaka kuacha kulipa hutangaza rasmi kwamba anatoka kanisani. Ni utaratibu imara, lakini mtu anaweza kutoa maisha yake yote bila kukumbuka hata siku moja kwamba ametoa.

Tanzania hakuna kodi hiyo. Kuna bahasha: msharika anaweka ahadi ya mwaka, anapewa bahasha yenye namba, na mhazini anaandika. Paulo aliwaagiza Wakorintho jambo linalofanana na hilo, kila mtu aweke akiba mapema kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:1, 2). Bahasha humfundisha mtu kupanga, na huficha kiasi machoni pa jirani.

Hatari huanza pale kitabu cha bahasha kinapofunguliwa siku ya msiba. Familia inakuja kuomba ibada ya maziko, na mtu anauliza kwanza kama marehemu alikuwa amemaliza ahadi yake. Hapo, bila mtu kukusudia, cheti cha Tetzel kimerudi mlangoni kikiwa katika karatasi nyingine. Wazee wenye hekima hulijua jambo hili, na huenda kumtembelea mtu mapema, wakati bahasha zinapoanza kukosekana, kumwuliza kama ni mgonjwa au amefukuzwa kazi. Huo nao ni uwakili: bahasha tupu imemletea mgeni wa kumwombea.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma 2 Wakorintho 8 na 9 kwa kikao kimoja. Andika pembeni kila mahali ambapo Paulo anataja neema, na kila mahali ambapo anataja kiasi cha fedha. Hakuna kiasi kinachotajwa, ila maagizo ya usimamizi ni mengi.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu akisema, "Nimeokolewa kwa neema, kwa hiyo nisisumbuliwe na michango," mtamjibu nini kwa kutumia habari ya Zakayo?

2. Leisnig waliwapa wakulima nafasi sawa na raia wa mjini katika kusimamia fedha. Katika kanisa lenu, nani hajawahi kuombwa kushika ufunguo? Ni kwa sababu gani?

3. Mzee wa kanisa anaambiwa kwamba marehemu hakutoa chochote kwa miaka mitatu. Familia iko nje inasubiri jibu, na mhazini ameshika kitabu. Afanye nini, na angepaswa kufanya nini miaka mitatu iliyopita?

4. Orodhesheni vitu ambavyo mtu asiye na fedha anaweza kuleta katika kanisa lenu leo, kikapokelewa bila aibu. Kama orodha ni fupi, nani anaweza kuirefusha kabla ya Sabato ijayo?