Vali ya Moyo: Kisu au Mrija?
Wanachama wenzangu, hebu tuutazame moyo. Damu ikitoka kuingia aota, ule mshipa mkuu, hupita vali ambayo kwa kawaida ina vilango vitatu. Uzeeni vilango hivyo huweza kukakamaa kwa chokaa, mzee akapanda ngazi tu, akazirai.

Njia ya zamani ni kisu. Kifua hupasuliwa, moyo husimamishwa, mashine husukuma damu, vali mbovu hukatwa na mpya kushonwa.

Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Daktari Alain Cribier alipitisha vali iliyokunjwa kwa mrija mwembamba kutoka mshipa wa pajani hadi moyoni, akaipanua humo humo. Kifua hakikupasuliwa! Mimi hilo lilinishangaza kweli. Wazee wasioweza kuhimili kisu wakapata tumaini.

Mtauliza, mbona basi vijana wetu wasitiwe mrija? Wengi wao vali zao huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ifuatayo maumivu ya koo ambayo penisilini ingeyamaliza mapema. Vali hizo mara nyingi huvuja bila kuwa na chokaa, na ile chokaa ndiyo inayoishika vali ya mrija isiteleze. Kwa kijana kama huyo, daktari bado hushika kisu.