Kuzunguka Mombasa Bara kwa Gari: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe hadi mwisho wake mwaka 2024, mzunguko ambao ulikuwa haukamiliki umekamilika. Unaanza Kisauni, unavuka daraja la Nyali, unakatiza kisiwani hadi Makupa, unapanda Changamwe, unafika Miritini, unapita juu ya maji ya Mwache na Mteza, unatokea upande wa Likoni, kisha unarudi kisiwani kwa feri. Siku moja inatosha, na hurudii njia. Kuna watu wanaolipa nauli ya ndege kwenda kuzunguka Malta na Cyprus kwa gari, visiwa ambako magari hupita kushoto kama kwetu, na huu mzunguko wa mlangoni kwao hawajaumaliza hata mara moja.

Ila tusidanganyane. Barabara hizi ni za kazi. Kuna trela lililobeba kontena kutoka Kilindini, kuna mfanyakazi wa Likoni anayewahi zamu kisiwani, kuna mama wa Kongowea na magunia yake ya vitunguu juu ya tuktuk. Wote hao wana haki ya njia kabla yako wewe uliyetoka kupunga upepo. Ukilijua hilo, utastarehe. Ukilipuuza, utashinda kwenye foleni ukitukana watu wasiokukosea. Basi sikiliza.

Kabla ya kuwasha gari

*Fanya*

Anza Kisauni, maliza na feri. Utaratibu huu una sababu. Asubuhi umati wa Likoni unaingia kisiwani, jioni unarudi nyumbani. Ukifika Likoni alasiri ukielekea kisiwani, unakwenda kinyume na wimbi la watu. Ukizunguka upande mwingine, utapanga foleni ya feri pamoja na mji mzima unaorudi kulala.

Jaribu breki ya mkono. Tafuta mteremko, simamisha gari, vuta breki, achia ile ya mguu. Gari likisogea hata shibiri moja, lipeleke kwa fundi na safari uiahirishe. Sababu yake utaisoma tukifika kwenye feri.

Uliza maji yanapwa saa ngapi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa huweza kukaribia mita 4. Ufuko wa Shelly kule Likoni ukiufikia maji yamejaa, mchanga unaokwenda kuutembea huenda usiuone.

*Usifanye*

Usitoke saa moja asubuhi. Saa hiyo kila anayefanya kazi kisiwani anavuka daraja la Nyali. Yeye akichelewa anakatwa mshahara. Wewe ukichelewa unakosa nini? Ngoja saa tatu ipite.

Usipange safari katikati ya masika, Aprili na Mei, halafu ukalalamika kwamba bahari ni ya kijivu na barabara imefurika.

Usiondoke bila leseni, bima iliyo hai na mikanda inayofunga. Polisi wa trafiki wako njia nzima, na hadithi ya kwamba uko likizoni wameshaisikia.

Kisauni

*Fanya*

Simama Kengeleni. Mnara wa kengele ulioko hapo ni wa makazi ya Freretown, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele ile ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu dhidi ya wateka watumwa. Maelfu ya magari hupita hapo kila siku bila mtu kugeuza shingo. Wewe geuza.

Ingia Haller Park, Bamburi, na utazame chini kabla ya kutazama twiga. Mahali hapo palikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu lisiloota kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ndio uliokubali kushika. Lakini majani ya mvinje ni magumu na hayaozi upesi, kwa hiyo wakaletwa majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na udongo ukazaa msitu. Inama uokote kiganja cha udongo ule: ni mweusi, na uliumbwa na majongoo ndani ya umri wa mtu mzima wa leo.

Nunua matunda Kongowea, lakini gari liache mbali na soko uende kwa miguu.

*Usifanye*

Usiingize gari Kongowea. Mkokoteni uliobeba magunia ya viazi hauna breki, na mwenye mkokoteni hana muda wa kukupigia honi.

Usibebe chupa za plastiki za kutupwa kwenda ufukoni. Tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Kenya, fukwe zikiwemo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilitangulia kupigwa marufuku Agosti 2017. Nunua dafu, limekuja na chombo chake.

Usirudie uvumi wa mjini kwamba Kisauni hakuendeki. Watu wanaishi huko, wanasomesha watoto huko, wanaoa na kuolewa huko. Funga milango, weka simu mfukoni, uliza njia kwa adabu, kama unavyofanya mji wowote ule.

Makupa na Changamwe

*Fanya*

Pita Makupa polepole utazame maji pande zote mbili. Kwa miaka mingi hapa palikuwa na tuta lililoziba mkondo kati ya hori ya Tudor na ile ya Port Reitz. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeyaachia maji yapite tena. Mbele yake ni Kibarani, lililokuwa jaa la taka la mji. Aliyepita hapo zamani vioo vimefungwa na leso puani ndiye anayejua kilichobadilika.

Nenda kwa wachongaji wa Kikamba, barabara ya Port Reitz. Ushirika wao uko hapo tangu mwaka 1963. Pita karakana kwanza, duka baadaye. Utamkuta mzee amekaa chini, kipande cha gogo amekibana kwa nyayo, tezo inashuka vidole viwili tu kutoka kwenye kidole gumba chake, na twiga anatoka ndani ya mti bila mchoro wowote. Siku hizi vinyago vingi ni vya mwarobaini, kwa sababu mpingo umekuwa haba. Ukishayaona hayo, bei haitakushtua.

Waachie trela nafasi. Dereva wa trela amekaa juu; gari lako likiwa ubavuni karibu na kichwa cha trela, halioni. Ukiwa huioni sura yake kwenye kioo chake, jua naye hakuoni.

*Usifanye*

Usichomeke mbele ya trela linaloshuka mlima. Mzigo wa kontena hausimami kwa sababu wewe una haraka ya kufika kwenye mandhari.

Usimpige mchongaji picha kabla ya salamu. Sema hujambo, keti, uliza. Akikataa, amekataa.

Usibabaishwe na msongamano wa Magongo ukapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Bodaboda wanafanya hivyo, na ndiyo maana wodi za mifupa zinawajua kwa majina.

Usifike Miritini saa ambayo treni ya kutoka Nairobi inashusha abiria, kama si abiria unayemfuata. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 2017, na tangu hapo treni ikifika, kila tuktuk na teksi ya upande huu huelekea huko.

Dongo Kundu

*Fanya*

Hapa ndipo penye mandhari uliyoyafuata, kwa hiyo endesha kwa utulivu. Daraja la Mwache lina mita 660, lile la Mteza linakaribia kilomita moja na nusu. Chini yako ni mikoko, kijani hadi macho yanapochoka, na maji yakipwa unaona matope yanang'aa na mtumbwi umeegeshwa katikati ya hori, mwenyewe anasubiri maji yamrudie.

Mpe abiria kazi ya kutazama na kusimulia. Dereva macho yake ni ya barabara.

Jaza petroli kabla ya kuingia barabara hii.

*Usifanye*

Usisimame juu ya daraja kupiga picha. Nasema tena: usisimame juu ya daraja. Usiwashe taa za dharura ukadhani umejipatia maegesho. Lori linalokuja nyuma yako kwa mwendo wa barabara kuu halikutarajia kukuta familia imejipanga ukingoni ikitabasamu. Picha ikikuuma sana, apige aliyekaa nyuma, kupitia dirishani, gari likitembea.

Usione barabara nyeupe imenyooka ukakanyaga mafuta. Barabara mpya inakatiza vijiji vya zamani. Mbuzi na watoto wa shule walikuwepo kabla ya lami.

Likoni

*Fanya*

Ukitokea barabara ya Diani, geuza kushoto uelekee Likoni, na mwendo uwe kilomita 50 kwa saa au chini yake. Ng'ombeni, Shika Adabu, Likoni: njia nzima ni maduka, shule na misikiti. Ikiwa ni Ijumaa, swala ya adhuhuri itakukuta na magari yameegeshwa hadi barabarani. Zima injini, subiri watu watoke.

Kula. Viazi karai vya moto na chatine ya ukwaju, ama mahamri na mbaazi kama vimebaki tangu asubuhi. Mwite muuzaji mama au dada kama umri wake unavyotaka, na umlipe kwa hela ndogo.

*Usifanye*

Usipige picha kambi ya jeshi la wanamaji kule Mtongwe, wala usirushe droni bila kibali. Kwenye hili hakuna mjadala, na askari hatakuuliza kama ulikuwa unatafuta machweo.

Usiwaulize watu habari za Agosti 1997 kama unayeuliza bei ya ndizi. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, wengine wakahama wasirudi. Wapo waliozika ndugu zao. Mtu akitaka kukusimulia atakusimulia mwenyewe.

Usitembee ufukoni Shelly nusu uchi ukaingia hivyo hivyo mitaani. Leso unayo, jifunge.

Feri

Hapa sina mzaha hata kidogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilipinduka, na watu 272 wakafa, pwani ikiwa karibu machoni pao. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye MV Harambee likatumbukia mkondoni na mama na bintiye ndani yake. Ilichukua siku 13 kulitoa. Mkondo wenyewe upana wake ni kama nusu kilomita. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

*Fanya*

Lipia gari mapema, panga foleni, fuata mkono wa mhudumu. Akisema nyuma, ni nyuma.

Ukishasimama ndani: breki ya mkono, gia ndani, injini zima, vioo shusha. Kaa kwenye usukani hadi feri iguse ng'ambo.

Wapishe wanaokwenda kwa miguu. Wao hawalipi, na ndio wengi, na ndio wenye feri. Gari la wagonjwa likija, limetangulia.

*Usifanye*

Usishuke kwenda kupiga picha ukingoni ukaliacha gari peke yake. Usimwachie mtoto mkono. Usiwashe injini kabla ya mlango wa feri kugusa zege. Usipige honi, feri haijawahi kwenda kasi kwa sababu ya honi.

Usijaribu kumpa mtu kitu kidogo ili uruke foleni. Wanaokutazama kwenye ile foleni wanavuka hapo kila siku ya Mungu.

Ukishavuka

*Fanya*

Pinda kulia uende Mama Ngina Drive. Bustani ile ilitengenezwa upya mwaka 2019, na mibuyu yake ni mikongwe kuliko serikali nyingi zilizopita hapo. Kaa kwenye ukuta utazame meli zikiingia Kilindini, karibu mno hata unasoma jina la bandari zilikosajiliwa. Nunua muhogo wa kuchoma: muuzaji ataupasua katikati, apake chumvi na pilipili ya unga, akamulie ndimu. Kula ungali moto.

*Usifanye*

Usitupe ganda la muhogo baharini. Usinywe pombe ukaendesha kurudi ulikofikia. Usiweke muziki kwa sauti ya harusi mahali ambapo watu wamekuja kupumzika na wazee wao.

Mzunguko huu ni mzuri, na hauhitaji pasipoti. Asiyeweza kuyafuata haya aache gari nyumbani apande matatu: Kisauni, Changamwe na Likoni ataziona vilevile dirishani, na barabara itakuwa imepungukiwa na dereva mmoja msumbufu.